Uvimbe wa taya unaokua haraka: jinsi ya kumfikisha mtoto kwenye jibu, kwenye dawa, na mbele ya fomu ya ridhaa

Kama taya la mtoto wako limevimba, na uvimbe ambao wiki mbili zilizopita haukuwepo sasa unaonekana hata na jirani wa mbali, andaa nauli leo. Usisubiri gulio, usisubiri mume arudi kutoka mgodini. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wenye saratani huku Kanda ya Ziwa, na sehemu ya kazi yangu ni kukaa na wazazi wanapoombwa mtoto wao aingie kwenye utafiti wa limfoma. Namwandikia mama, baba, bibi au shangazi aliye safarini na mtoto, pamoja na mwenzangu wa zahanati atakayemwona wa kwanza.

Limfoma ni saratani inayoanza kwenye chembe nyeupe za damu, zile zinazokaa kwenye tezi na kulinda mwili. Aina zake ni nyingi. Inayoshika watoto wetu zaidi inaitwa limfoma ya Burkitt. Hupenda watoto wa kati ya miaka 4 na 9, wavulana kuliko wasichana, na seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili tu. Ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua haraka kuliko zote. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya iyeyuke vizuri ikikutana na dawa, kwa sababu dawa za saratani huua zaidi seli zinazogawanyika. Mtoto wa Burkitt anapona. Ndiyo maana siku zinazopotea njiani zinaniuma.

Dalili zenyewe

Angalia kinywani kabla hujaangalia shavu. Mara nyingi meno ya nyuma huanza kulegea bila kuoza. Ukiligusa jino kwa kidole linacheza, fizi imenenepa, na mtoto hana maumivu yanayolingana na unachokiona. Jino bovu huuma, huwa na tundu au usaha, na hutulia kwa dawa au likishang'olewa. Hili halitulii. Likishang'olewa, nyama huchomoza palepale kwenye tundu, kisha jino la pili linalegea. Ukiona meno mawili au matatu ya mtoto mmoja yamelegea upande mmoja ndani ya muda mfupi, usikubali kung'olewa la nne. Omba barua ya rufaa.

Dalili nyingine ni jicho linalosukumwa nje, tumbo linalojaa na kuwa gumu, miguu inayokosa nguvu ghafla, au mkojo kushindwa kutoka. Hizi mbili za mwisho zinaweza kumaanisha uvimbe unabana uti wa mgongo, na hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Wasichana wakubwa kidogo huweza kuja na uvimbe wa tumbo chini, kwenye vifuko vya mayai.

Kwa vijana na watu wazima picha ni tofauti. Tezi za shingo zinavimba bila kuuma, jasho la usiku linalowesha shuka, uzito unapungua. Hapo wengi huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na kweli kifua kikuu cha tezi ni kingi. Ninachokuomba ni kitu kimoja: kama dawa za TB zimeanzishwa bila makohozi au kinyama (kipande kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe) kuthibitisha, na baada ya wiki kadhaa tezi zinazidi kukua, rudi useme hivyo kwa sauti. Uliza, "Hii tezi imepimwa, au imekisiwa?" Mgonjwa anayeishi na virusi vya UKIMWI aulize mapema zaidi, kwa sababu limfoma huwapata wao kwa wingi kuliko wengine.

Kabla ya kinyama, usimeze chochote cha kupunguza uvimbe

Hapa mwenzangu wa zahanati anisikilize. Kuna dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, ambazo hutolewa kirahisi kwa uvimbe wowote, na dukani zinauzwa bila maswali. Limfoma huziogopa dawa hizi. Vidonge vichache tu, uvimbe unanywea, familia inafurahi, na mtaalamu wa patholojia anapoletewa kinyama anakuta seli zilizokufa zisizosomeka. Baada ya wiki chache uvimbe unarudi, mara hii na nguvu zaidi, na bado hatuna jina la ugonjwa. Mtoto akibanwa koo au uti wa mgongo, daktari anaweza kuanza steroidi kuokoa maisha, na huo ni uamuzi wake. Nje ya hapo, kinyama kwanza.

Na ukiwa umeshampa dawa, ya dukani au ya mganga, taja zote unapofika. Hatugombezi mtu. Tunataka kujua tu tunachokiona kwenye darubini kimeguswa na nini.

Jinsi kinyama kinavyopaswa kusafiri

Jibu la limfoma halipatikani kwenye kipimo cha damu cha kawaida wala kwenye ultrasaundi. Linapatikana kwenye kinyama. Mtoto hupewa ganzi au nusu kaputi, kipande kinakatwa, kinaenda maabara. Wakati mwingine daktari huanza na sindano nyembamba ya kuvuta seli kutoka kwenye uvimbe, kwa sababu jibu lake laweza kupatikana siku hiyohiyo, na kwa Burkitt seli hizo zina sura yake: zinalingana ukubwa, na zimejaa vitone vyeupe kama viputo. Ni mwanzo mzuri, lakini kipande kamili ndicho kinachokata shauri.

Katika hospitali nyingi ndugu ndiye anayepewa kile kichupa akipeleke mwenyewe, pengine kwa basi. Basi ujue unabeba nini. Maji yaliyo ndani yawe fomalini ya asilimia 10, dawa inayozuia kipande kisioze, si maji ya dripu, si spiriti. Yawe mengi, karibu mara kumi ya kipande chenyewe, ili yaingie hadi katikati. Kipande kilichobanwa kwenye kichupa kidogo huoza katikati huku nje kikionekana kizima. Jina la mtoto liandikwe kwenye mwili wa kichupa, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishwa. Fomu iandikwe umri, mahali uvimbe ulipo, ulianza lini, na dawa alizotumia. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisimame wima, kisiwekwe kwenye barafu. Ukifika, usiondoke dirishani mpaka umeona namba ya maabara imeandikwa, kisha ipige picha kwa simu yako. Namba hiyo itakuokoa zaidi ya jina, maana majina yanafanana.

Uliza pia kama kinyama kitapimwa protini zake, kipimo ambacho madaktari hukiita imunohistokemia. Kinatumia rangi zinazoshika alama fulani juu ya seli. Burkitt hubeba alama iitwayo CD20 na CD10, na kipimo cha kasi, Ki-67, hukaribia asilimia 100, maana yake karibu kila seli inagawanyika. Limfoma nyingine zinazofanana nayo kwa macho hazina mpangilio huo, na dawa zake ni nyingine. Hospitali isiyo na rangi hizo inaweza kupeleka kipande kwingine. Wewe uliza tu: "Kinabaki hapa au kinaenda wapi, na jibu litarudi kwa nani?"

Wakati kinyama kinasubiriwa, mtoto apimwe tumbo kwa ultrasaundi, apigwe picha ya kifua, atolewe maji ya uti wa mgongo na uboho. Wazazi wengi wanayaogopa maji ya mgongo, wakiamini mtoto atapooza. Sindano inaingia chini ya mahali uti unapoishia. Bila kipimo hicho hatujui kama ugonjwa umefika kwenye ubongo, na ukiwa umefika, mpango wa dawa unabadilika.

Siku za kwanza za dawa ni siku za mkojo

Dawa kubwa ya Burkitt tangu miaka ya 1960 ni saiklofosfamaidi. Inaambatana na vinkristini ya kwenye mshipa na methotreksati, ambayo sehemu yake huingizwa kwenye maji ya mgongo ili kulinda ubongo. (Vinkristini haiingizwi mgongoni kamwe, huua. Ndiyo maana wodi inayojali huzitenganisha dawa hizi mbili, siku na mahali. Ukimwona muuguzi anasoma jina la dawa kwa sauti mbele ya mwenzake kabla ya kuchoma, mwache amalize.)

Hatari ya wiki ya kwanza haitoki kwenye uvimbe, inatoka kwenye kufa kwake. Seli nyingi zikipasuka kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaziba, moyo unayumba. Ndiyo sababu tunamwekea mtoto dripu nyingi na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kabla ya dawa za saratani, na ndiyo sababu tunakusumbua kuhusu mkojo.

Hivi ndivyo nawafundisha kina mama. Chukua chupa ya plastiki ya lita, uniletee tuichore mistari ya mililita kwa kalamu nzito. Kila akikojoa, usiku na mchana, unamimina humo, unasoma, unaandika saa na kiasi kwenye daftari, kisha ndipo unamwaga. Aliyekojoa kitandani, andika "kitanda" na saa. Asiyekojoa kwa saa nne, usiandike, niite. Kuna mama mmoja hajui kusoma, alichora duara kwa kila mstari uliojaa, na daktari wa zamu alifanya uamuzi wa usiku kwa kutazama maduara yale. Alipoona yamepungua kutoka matano hadi moja, aliagiza damu ipimwe saa ileile.

Na chakula: kwa siku hizo chache tutakuomba uache ndizi, hasa zile za kupika ambazo kwa ndugu zetu wa Kagera ndicho chakula chenyewe, pamoja na machungwa, parachichi na maji ya dafu. Vyote vina potasiamu nyingi. Uji, wali, ugali, maziwa kwa kiasi atakachosema daktari. Tukishaona damu imetulia, ndizi zinarudi.

Uvimbe ukiisha, matibabu hayajaisha

Hili ndilo linaloua watoto ambao tayari walikuwa wanapona. Baada ya duru ya kwanza ya dawa taya linaweza kurudi sawa ndani ya wiki moja. Mtoto anacheka, anakula, nyumbani mahindi yanataka palizi na kuna watoto wengine walioachwa. Familia inaaga. Lakini kwenye damu na kwenye uboho zimebaki seli zisizoonekana, na zikirudi huja zimeshaizoea dawa.

Kwa hiyo, siku ya kwanza kabisa uliza duru ziko ngapi na tarehe zake, uandikiwe kwenye daftari la kliniki. Siku hiyohiyo muone afisa ustawi wa jamii, usingoje deni lifike. Mweleze unatoka wapi, una watoto wangapi nyumbani, nauli ni kiasi gani kwenda na kurudi. Pale Muhimbili shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likisaidia familia za watoto wenye saratani. Kwingine kuna nyumba za wazazi au mifuko midogo ya hospitali, na mara nyingi haitangazwi, inatolewa kwa anayeuliza.

Ukirudi nyumbani kati ya duru, neno moja: homa. Mtoto wa kemo, yaani aliye kwenye dawa za saratani, mwenye nyuzi 38 au zaidi anarudi hospitali usiku huohuo. Usimpe panadol ukalala, kwa sababu panadol inashusha joto na bakteria wanaendelea. Ukifika zahanati ya kijijini kwako, sema hivi kabla ya jambo lolote: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani, chembe zake nyeupe zimeshuka." Wampime malaria, sawa, lakini malaria isipoonekana wasimrudishe nyumbani. Na dawa isiingizwe kwa njia ya haja kubwa.

Ukiletewa fomu ya utafiti

Mtu atakuja kukaa nawe, pengine mimi, na karatasi nyingi. Usiogope, na usiharakishe.

Kwanza ujue huu si ugeni kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, akaanza kuwafuatilia wengine, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari karibu maili 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, na ramani waliyochora ilionyesha uvimbe unaishi penye joto na mvua, yaani penye malaria. Vinyama vya watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi kilichokuja kuitwa Epstein-Barr, cha kwanza kutambuliwa kwenye saratani ya binadamu. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu limfoma, kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na pale majaribio ya dawa kwa watoto yalionyesha dunia kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Watoto wa ukanda huu wametoa mengi kwa elimu hii. Una haki ya kuuliza wanarudishiwa nini.

Mfano wa kilichobaki: dawa ya rituksimabu, inayoshika ile alama ya CD20. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika zaidi katika nchi tajiri, uligawa watoto na vijana 328 wenye ugonjwa mkali katika makundi mawili. Kemo peke yake, asilimia 82.3 walikuwa salama bila ugonjwa kurudi baada ya miaka mitatu. Kemo na rituksimabu, asilimia 93.9. Lakini dawa hiyo hudhoofisha kinga, na kemo yao ni kali kuliko tunayoweza kuimudu penye upungufu wa damu ya kuongezea na antibayotiki. Kwa hiyo swali la kwetu linahitaji kujibiwa kwetu. Vivyo hivyo kwenye vipimo: Tanzania na Uganda umefanyika utafiti uitwao AI-REAL, ukiwa na Chuo Kikuu cha Oxford, kuona kama damu ya mshipani inaweza kufichua vipande vya DNA vya uvimbe na vya kirusi, ili mtoto asingoje kinyama kwa wiki nyingi. Mimi naamini kazi ya namna hii ndiyo inayostahili damu ya watoto wetu kuliko nyingine zote.

Sasa maswali. Uliza nini kingefanyika kwa mtoto kama utafiti usingekuwepo, kisha nini kinaongezwa. Kama wanagawanywa makundi kwa bahati nasibu, uliza kila kundi linapata nini, na hakikisha hakuna kundi linalokosa matibabu ya kawaida. Uliza damu itachukuliwa vijiko vingapi na mara ngapi. Uliza akidhurika nani analipa, na kama bima ipo. Uliza kibali: Tanzania bara utafiti wa afya hupitiwa na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwenye fomu lazima iwepo namba ya simu ya kamati, tofauti na ya mtafiti. Ihifadhi. Mtoto anayeelewa aulizwe naye, kwa lugha yake.

Bibi mmoja kutoka visiwani alinisikiliza hadi mwisho, akashika kalamu, akairudisha mezani.

"Mwanangu, hii damu ya mjukuu wangu mkishaichukua inakwenda wapi?"

"Nyingine inabaki maabara hapa, bibi. Nyingine inakwenda nje ya nchi."

"Na ikibaki huko nje, wanaifanyia nini?"

Tulirudi ukurasa wa tano, nikamsomea upya. Kulikuwa na kipengele cha kuhifadhi masalio kwa tafiti za baadaye, chenye visanduku viwili, ndiyo na hapana. Akasema utafiti anaukubali, kuhifadhi anakataa. Nikamwita shahidi, mama wa kitanda cha jirani asiyehusika na utafiti, akasikia yote mawili, bibi akaweka dole gumba kwenye wino. Mjukuu alipata dawa zilezile.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwako pia. Unaweza kukubali sehemu, unaweza kuomba fomu ulale nayo umpigie baba yake, unaweza kujitoa katikati bila kueleza sababu, na matibabu ya kawaida yanaendelea. Ukiambiwa usiposaini mtoto hatatibiwa, usisaini, piga ile namba ya kamati. Nakala moja ya fomu ni yako. Itie kwenye daftari la kliniki pamoja na picha ya ile namba ya maabara.

Duru zikiisha, utapewa tarehe za kurudi. Burkitt ikirudi hurudi mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo tarehe za mwaka huo usizikose hata mtoto akiwa anacheza mpira. Mara moja kwa wiki, akioga, pitisha vidole kwenye taya, shingo na tumbo lake, na mwambie afumbue kinywa uguse meno ya nyuma. Likicheza moja, njoo na daftari.